Waliokufa Waandikwe Majina Yao

Wandugu wachimbaji wa migodi, wandugu wakaaji wa Masisi na Walikale, na ninyi wa Sake na Goma, leo tuna neno moja la kusema nanyi, nalo ni neno la deni. Hatusemi deni la duka wala deni la kodi. Tunasema deni la shukrani. Wanaotudai ni watu waliokwenda vitani wasirudi, na wale waliorudi na mguu mmoja, na wajane waliobaki kungoja. Deni hili liliwapita babu zetu, likawapita baba zetu, na sasa linatungoja sisi.

Wengi hupenda kulilipa kwa maneno. Siku ya sikukuu bendera inapanda, fanfari inapiga, mkubwa anasimama na kusema kwamba hatutawasahau mashujaa wetu. Tunanyamaza dakika moja, kisha kila mtu anashika njia yake. Lakini mashujaa gani? Waliitwa nani? Walikuwa wana wa nani, walitoka kijiji gani, wakafa wapi? Ukiuliza maneno hayo, uwanja mzima unanyamaza kwa mara ya pili, na safari hii si kwa heshima. Shukrani isiyojua jina la mtu ni kama barua isiyoandikwa inakokwenda: itazunguka posta mpaka karatasi ioze.

Sisi tunaoshika kalamu migodini twaijua kazi ya kuandika. Gunia la kasiteriti linapimwa, linaandikwa kilo zake na shimo lilikotoka, linafungwa lakiri yenye namba, na kwa namba ile linaweza kufuatwa hata ng'ambo ya bahari. Likipotea gunia moja, karani halali. Lakini mtu aliyetoka kilima kilekile, akachukua bunduki au akabeba sanduku la risasi, akafa, mara nyingi hana hata mstari mmoja katika kitabu chochote. Wazee wa pwani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, mtu je?

Tuitazame kwanza vita ya 1914 hata 1918. Kwetu Kivu vita ile haikuwa habari ya mbali. Mwezi wa Septemba 1914 Wadachi waliokuwa wakitawala Ruanda walivuka maji wakakiteka kisiwa cha Ijwi. Ziwa letu likawa mpaka wa vita. Mwezi wa Aprili 1916 Force Publique ikashambulia kwa vikosi viwili, kimoja cha Kanali Molitor upande wa kaskazini ya ziwa, na kimoja cha Kanali Olsen upande wa kusini, wote chini ya Jenerali Tombeur. Tarehe 6 Mei 1916 wakaingia Kigali. Tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Mwaka 1917 wakafika hata Mahenge, mbali kabisa kusini ya Tanzania ya leo. Wabelgiji walisifu sana ushindi huo, na Jenerali Tombeur akapewa cheo cha baron pamoja na jina la mji wenyewe: Tombeur wa Tabora.

Basi tuulize kama wafanyakazi wanavyouliza: mzigo ulifikaje Tabora? Reli ya kutoka Kivu haikuwapo. Njia za motokari hazikuwapo. Ng'ombe na punda walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo. Kila sanduku la risasi, kila gunia la mchele, kila kipande cha mzinga kilipanda milima na kuvuka mito juu ya kichwa na bega la mtu. Vitabu vya historia vinahesabu wapagazi wapata 260,000 waliotumika katika vita ile upande wa Kongo. Askari walikuwa wachache sana mbele yao, kwa maana nyuma ya kila bunduki moja ulikwenda msururu wa watu waliobeba.

Sasa mtazame hesabu ya waliokufa. Kwa askari vitabu karibu vinapatana: walikufa wapata 2,000. Kwa wapagazi havipatani hata kidogo. Vingine vinaandika 7,000 na zaidi, vingine vinaandika 25,000. Mwenye kazi ya uandishi ataelewa mara moja maana ya jambo hilo. Tofauti ya watu elfu kumi na nane haitokani na kalamu kuteleza. Inatokana na kwamba hapakuwa na kalamu. Mpagazi alipoanguka njiani kwa kuhara, kwa baridi ya milima au kwa njaa, mzigo wake ulihesabiwa na kupewa mtu mwingine; yeye mwenyewe hakuhesabiwa. Jenerali alipewa jina la mji, na mtu aliyemfikisha mjini akanyang'anywa hata jina lake alilopewa na baba yake.

Msidhani jambo hili lilikuwa la Wabelgiji peke yao. Jirani zetu wa Kenya na Tanganyika walibebeshwa vilevile na Waingereza. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dar es Salaam wanapita sokoni Kariakoo kila siku. Jina hilo ni la jeshi la wapagazi, lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wakalitamka kwa ulimi wao. Huko Nairobi kuna Kariokor, jina lilelile. Na katika barabara kubwa ya Nairobi sanamu ya mpagazi imesimama pamoja na sanamu za askari. Hiyo ni heshima, hatukatai. Lakini sanamu moja haiwezi kusimama badala ya majina ya maelfu.

Na haya si maneno ya manung'uniko yetu tu. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza na Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ya kwanza, wengi wao watu wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Tume ikasema wazi kwamba ubaguzi wa watawala wa wakati ule ulikuwa sababu mojawapo. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi mbele ya Bunge lake. Miaka zaidi ya 100 ilipita kabla ya neno hilo kusemwa. Mkubwa akichelewa miaka 100, inafaa mdogo asichelewe naye.

Tuje kwenye vita ya pili. Mwaka 1941 askari wa Kongo walipita Sudani wakapanda milima ya Uhabeshi kupigana na Waitalia. Wakateka Asosa na Gambela mwezi wa Machi, na tarehe 3 Julai 1941 pale Saio Jenerali Gazzera wa Italia akajitoa mbele ya Jenerali Gilliaert. Njaa na magonjwa viliwaua watu wetu pamoja na risasi. Kisha maelfu wakapelekwa Nijeria, wengine wakafika Misri na Palestina. Na hospitali ya vita ya Kongo ikafika hata Burma, ikawatibu majeruhi katika misitu ile yenye mvua na malaria, karibu na askari wa Afrika ya Mashariki. Mtafakari hayo, wandugu: Kiswahili hiki tunachosemea sokoni kilisikika Burma katikati ya vilio vya majeruhi.

Lakini vita ile ilikuwa na askari wengine wasiovaa kofia ya jeshi, nao ndio ninyi wachimbaji, yaani baba zenu na babu zenu. Wajapani walipoiteka Malaya na Singapore mapema mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani walikosa bati na mpira wa nchi zile. Wakaigeukia Kongo. Bati la Kivu na Maniema likatakiwa kwa haraka, na watu wa msitu wakaamriwa warudie kugema mpira wa mwitu, kazi ambayo wazee wao waliikumbuka kwa machozi. Mwaka huohuo wa 1942 siku za kazi ya lazima kwa wanakijiji zikapandishwa kutoka 60 hata 120 kwa mwaka. Siku 120 ni theluthi ya mwaka. Je, mtu aliyelazimishwa kutoa theluthi ya mwaka wake kwa vita, akafa shimoni au msituni, hakufa katika kazi ya vita? Sisi tunasema alikufa katika kazi ya vita. Na inafaa aandikwe.

Hapa tunafika mahali penye uchungu, wala hatutapita pembeni. Mwaka 1944, kuanzia Januari, watu wa msitu kati ya Masisi na Lubutu walichoka. Waliinuka chini ya Bushiri, mtu wa Kitawala, kuikataa kazi ile ya lazima na kuukataa utawala wa Bula Matari. Teritwari ya Masisi ya wakati ule ilifika hata misitu ya Walikale. Kwa hiyo habari hii ni ya nyumbani kwetu kabisa. Askari wa Force Publique wakatumwa, na kabla ya katikati ya mwaka maasi yakazimwa kwa bunduki. Watu wengi walikufa. Bushiri akakamatwa. Hivyo katika mwaka mmoja watu wa Kongo walikuwa wakiwaponya majeruhi Burma, na watu wa Kongo wenye nguo zilezile za jeshi walikuwa wakiwapiga risasi ndugu zao hapa.

Kwa sababu hiyo wako wanaotuambia: mnawashukuru watu gani? Hao walikuwa fimbo ya Mzungu. Walipigania mfalme asiye wao, na waliporudi wakatupiga sisi. Waacheni wasahauliwe.

Neno hilo lina nguvu, na tunalijibu kwa heshima. Kwanza, wapagazi na wengi wa askari hawakuulizwa kama wanataka. Kijiji kiliamriwa kutoa watu, na chifu aliyekataa aliona mwenyewe. Kumsahau mtu aliyechukuliwa kwa nguvu ni kumchukua kwa nguvu mara ya pili. Pili, shukrani tunayosema haiendi kwa bendera waliyowekwa chini yake. Inakwenda kwa mtu aliyemfunga mwenzake kidonda chini ya mvua, aliyegawa muhogo wake wa mwisho, aliyeleta barua ya rafiki yake aliyekufa mpaka kwa mama yake. Tatu, heshima haitaki tufumbe macho. Daftari lenye kweli litakuwa na jina la askari aliyekufa Saio, na litakuwa na jina la mgema mpira aliyepigwa risasi mwaka 1944, na kama askari ni yuleyule aliyepiga risasi, hilo nalo litaandikwa. Karani mwema haandiki kilo anazozipenda. Anaandika kilo zilizomo.

Tena tukiacha kuandika sisi, wengine watatuandikia, na wataandika wanavyotaka. Mkongo mmoja aliliona hilo mapema sana. Paul Panda Farnana alipigana Namur mwaka 1914 kuitetea Ubelgiji, akafungwa na Wadachi hata mwisho wa vita. Mwaka 1919 alianzisha huko Ubelgiji chama kilichoitwa Union Congolaise, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwasaidia Wakongo waliopigana vita ile. Hakungoja mpaka serikali ikumbuke. Alikusanya watu wake, akawasemea.

Na waliongoja walipata nini? Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa akamvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, aliyehesabiwa kuwa wa mwisho aliye hai kati ya askari wa Kongo wa vita ya pili. Mzee alikuwa na miaka 100. Alifika hata Burma. Tulifurahi kumwona akiheshimiwa. Lakini vita iliisha mwaka 1945, na kutoka 1945 hata 2022 ni miaka 77. Katika miaka hiyo wenzake walikwenda mmoja mmoja, na kila mmoja alikwenda na majina ya wale aliowaona wakifa. Nishani moja ilifika. Majina hayakufika.

Pengine mtasema: hayo ni ya zamani, sisi tuna vita yetu. Kweli, nasi ndiyo sababu tunaandika leo. Mwezi wa Januari 2025 vita ilifika Sake na Goma. Gavana wetu, Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa mbele ya vita, na jina lake dunia nzima ililisikia. Siku hizohizo walikufa askari wengi wa FARDC, na wageni waliotumwa kusaidia amani: watu wa Afrika Kusini, wa Malawi, wa Tanzania, wa Uruguay. Nchi zao ziliwahesabu, zikataja majina yao, zikawachukua nyumbani katika masanduku yenye bendera. Mwezi wa Machi 2025 vita ikafika Walikale yenyewe. Je, askari wetu wa cheo cha chini waliokufa kati ya Sake na Walikale, nani amesoma majina yao? Nani amemwambia mama wa kila mmoja mahali mtoto wake alipolazwa?

Wako pia vijana wa Wazalendo. Sheria ya mwaka 2023 iliunda Jeshi la Akiba la Ulinzi, na vijana wengi walijiona wamekwisha kuwa wa taifa. Lakini kijana aliyeondoka usiku bila karatasi, bila namba, bila kitabu cha kazi, akifa leo, mjane wake ataonyesha nini mbele ya ofisi? Atasema mume wangu alikuwa mwanajeshi. Karani atamwuliza: karatasi iko wapi? Hapo mlango unafungwa. Wengi wetu tumewaona wanawake wa namna hiyo wakikaa ukumbini pa ofisi tangu asubuhi hata jioni, mtoto mgongoni, na wakirudi kesho yake. Kwao jina lililoandikwa ni ada ya shule, ni dawa, ni chumvi ya nyumba.

Tena wapagazi hawajaisha. Katika vita za miaka hii raia wamekamatwa njiani na shambani na kubebeshwa masanduku ya wenye bunduki, upande huu na upande ule. Waliokufa chini ya mizigo ile wamekufa kama wale wa Tabora, bila mstari. Miaka zaidi ya 100 imepita na dhambi ni ileile.

Basi tufanye nini? Hatutaki kuondoka na maneno matupu.

Neno la kwanza: kila kijiji, kila parokia, kila msikiti, kila shule ifungue daftari. Mstari mmoja kwa mtu mmoja: jina lake, jina la baba na la mama, kijiji, kazi aliyofanya, yaani askari, mpagazi, mchimbaji au mgema mpira, na mahali alipofia, na mwaka kama unajulikana. Wazee wenye habari za babu zao waulizwe kwanza, maana wao ndio daftari la mwisho, nalo halina nakala. Kiandikwe kitabu mara mbili, kimoja kibaki kijijini, kingine kiwekwe mahali ambapo moto wa vita haukifikii.

Neno la pili: daftari lisiulize kabila. Mtu akifa amekwisha kujibu maswali yote. Tukianza kuchagua nani aandikwe na nani aachwe, tutakuwa tumeandika hukumu badala ya majina, na kesho daftari hilo litachukuliwa na wenye fitina kuwa orodha ya kisasi.

Neno la tatu: sisi makarani, walimu na wauguzi tuwaandikie wajane na vilema barua zao bure. Jina, namba ya kikosi ikiwapo, tarehe, mashahidi wawili. Saa moja baada ya kazi yatosha. Mshahara wetu ni mdogo, twajua, lakini kalamu hailiwi.

Neno la nne: tuwe na siku. Kila tarehe 4 Januari taifa letu linawakumbuka mashahidi wa uhuru, waliokufa Léopoldville mwaka 1959. Siku hiyohiyo, katika miji na migodi yetu, majina ya daftari la mahali yasomwe kwa sauti, yote, hata kama yatachukua saa mbili. Hotuba zifupishwe. Mkubwa akitaka kusema, asome naye ukurasa mmoja.

Neno la tano tunalipeleka kwa serikali: mwanajeshi asitumwe mbele ya vita kabla jina lake na la mkewe halijaandikwa, na aliyekufa atangazwe kwa watu wake kwa barua, wasisikie kwa uvumi wa njiani. Nchi inayotuma mtoto wa watu ina wajibu wa kusema ilimweka wapi.

Wako watakaosema tunataka kuamsha machungu. Machungu hayajalala, wandugu. Yako katika kila nyumba ambamo mama huacha sahani moja zaidi mezani.

Wachimbaji, ninyi mnajua kuliko wengine kwamba kitu cha thamani kilichofukiwa hakijitokezi chenyewe. Hutolewa kwa mikono, polepole, na watu wengi pamoja. Mwenye jina la babu aliyekwenda Tabora, alilete. Mwenye jina la mjomba aliyekufa akigema mpira, alilete. Mwenye jina la mtoto aliyeanguka Sake, alilete, hata kama mkono unatetemeka. Mleteeni mwalimu wa shule yenu au karani wa mgodi wenu juma hili, kabla mvua haijafunga njia.